Homa ya Kikombe cha Chai

Tangu daktari alipomwambia kwamba figo limekufa, Muhuri hakuligusa tena tumbo lake upande wa kulia. Bafuni alijisugua kote, shingo, makwapa, mgongo mpaka visigino, lakini mkono ukifika chini ya kitovu uliruka ukatua pajani. Pale penye kovu lililopinda alimwagia maji tu kwa kopo, tena kwa mbali, uso ameugeuzia ukutani. Alilala kwa ubavu wa kushoto. Sketi aliifungia juu karibu na mbavu, maana mkanda ukilibana lile dude alilihisi, dogo, gumu, limekaa tu.

Wala msidhani huyu alikuwa mtu wa kudeka. Alikuwa mkaguzi wa nyama, mwaka wa kumi na nane huo machinjioni. Asubuhi aliingiza mkono kwenye tumbo la ng'ombe mpaka kiwikoni, saa nne akanawa, akanywa chai na mkate wake bila wasiwasi. Majipu ya ini, minyoo, mapafu yaliyojaa usaha, vyote alivipasua kwa kisu huku anauliza habari za watoto wa mtu. Jina la Muhuri walimpa wachinjaji wenyewe, kwa sababu hakuna paja lililotoka getini bila alama yake ya wino wa zambarau. Watu waliamini hana kinyaa. Kumbe kinyaa chote alikuwa amekiweka akiba, amekuja kukitumia kwenye mwili wake mwenyewe.

Na figo lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yake.

Miaka kumi nyuma mafigo ya Muhuri yalikufa yote mawili, akavimba uso, akawa anakojoa kijiko. Kaka yake, mwenye bucha mbili mjini, ambaye watu walimwita Bucha hivyo hivyo, hakuombwa mara mbili. Alisema, kama ni figo basi chukueni, mimi ninayo mawili na sijui hata yako wapi. Akalala kwenye meza ya upasuaji, akachanwa ubavu. Figo lilipounganishwa kwa dada na mkojo ukaanza kutiririka kwenye mfuko, Bucha aliomba aletwe kwa kiti cha magurudumu auone. Akaushika ule mfuko wa mkojo kwa mikono miwili, ungali moto, akalia mbele za wauguzi. Hilo lilikuwa penzi la kweli, na asiwepo mtu wa kusema vinginevyo.

Tenda wema nenda zako, ndivyo tulivyofundishwa. Bucha wema aliutenda, tena mkubwa. Kwenda zake ndiko kulikomshinda. Kila harusi alijitambulisha kama Mwenye Figo. Kila msiba, kabla hata ya pole, alimuuliza dada yake kwa sauti ya watu wote kusikia: "Figo langu linasemaje leo?" Mwaka wa kwanza Muhuri alicheka. Wa pili alitabasamu. Mwaka wa saba alijifunza swali lile ni la kazi gani.

Siku hiyo Bucha alileta ng'ombe mnene, wa kupendeza. Muhuri alipopasua matezi ya mapafu kisu kilikwaruza, na ndani akaona vivimbe vya njano, vikavu, vimejaa tele. Aliyafungua na ya shingoni, yale yale. Kifua kikuu cha ng'ombe, na kanuni yake haina mjadala: mzoga mzima unamwagiwa dizeli ili asiwepo wa kuuiba, kisha shimoni. Muhuri alikuwa ameshainua kichwa kumwita mtu wa dizeli. Bucha akasogea, mikono mifukoni mwa koti lake jeupe, akainama kidogo sikioni kwa dada. Figo langu linasemaje leo, akauliza. Hakuongeza neno. Muhuri akayatupa mapafu, akayakata matezi yote aliyoyaona, akapiga muhuri kwenye mapaja mawili na mikono miwili ya mzoga.

Hakutishwa, hakuahidiwa kitu. Aliulizwa hali tu. Baada ya hapo waliletwa wengine watatu wa namna ile, na kila mara aliulizwa hali. Wanne kwa jumla. Waliliwa na nani, akakohoa nani, hajui mpaka leo. Tangu ng'ombe wa kwanza Muhuri hakuonja nyama, akawaambia watu ni masharti ya figo, na watu wakamsifu kwa nidhamu.

Basi figo nalo likachoka. Mwaka jana lilipunguza kazi, mwaka huu likaacha kabisa, na Muhuri akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa juma, kwa muda wa saa nne kila mara, damu yake inatoka kwenye mpira mmoja na kurudi kwenye mwingine. Mnadhani Bucha aliacha? Alibadilisha neno moja tu. Siku hizi akifika machinjioni aliuliza, "Marehemu wangu anasemaje?" Wachinjaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Muhuri aliosha kisu.

Mume wake alikuwa fundi wa makochi, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni. Walipoambiwa kwamba dawa ya jambo hili ni figo jingine, fundi alitema misumari mkononi, akasema langu lipo. Akapimwa, akapimwa tena, majibu yakasema linafaa. Linafaa kwa shida kidogo, lakini linafaa. Wakaitwa na daktari wa figo, mama mwembamba, sauti ya chini, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili.

Daktari alichora tumbo kwenye karatasi. Figo la mume lingekaa kushoto. La kaka liko kulia, na swali ni moja: tuliache au tulitoe kwanza? Akaeleza taratibu. Mwili una askari wake, na kwao figo la mtu mwingine ni mgeni asiyealikwa. Vidonge vinawafanya wasinzie. Figo bovu likiachwa mahali pake na vidonge vichache vikaendelea, askari wanaendelea kusinzia, na la mume linaweza kuingia. Likitolewa, kwanza ni upasuaji mkubwa na damu itamwagika. Pili, askari mara nyingi huamka, tena huzaana. Damu ya mume, ambayo leo inapatana na ya mke kwa shida, kesho inaweza isipatane kabisa.

"Nikilitoa bila sababu," daktari alisema, "naweza kukukosesha na la mumeo."

Fundi alihesabu kwa vidole. Mawili ya kuzaliwa hayajatolewa, hayo yamelala huko mgongoni. La shemeji. Na langu. Akasema, kwa hiyo mke wangu atakuwa na mafigo manne na moja tu ndilo linalofanya kazi, kama ofisi nyingi ninazozijua. Daktari alicheka kwa pua. Muhuri hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiduara cha kulia kwenye karatasi, ambacho daktari alikuwa amekitia rangi nyeusi kwa kalamu, na mate yalikuwa yamemjaa mdomoni.

Akauliza sababu za kulitoa ni zipi. Daktari akazitaja: maumivu yasiyoisha, damu kwenye mkojo, au homa isiyo na chanzo kingine. Kisha akamtazama.

"Una homa?"

"Jioni jioni," Muhuri akasema.

Uongo ulitoka wenyewe, laini, kama mtu anavyosema hajambo. Fundi aligeuka kumtazama. Daktari akampa daftari dogo: apime joto jioni kwa siku nane, aandike, alete.

Sasa sikieni alichokifanya, mtu aliyekuwa akiwafukuza getini wafanyabiashara waliowamwagia ng'ombe wenye homa maji ya baridi ili wapite kwenye ukaguzi. Miaka kumi na nane hakuna aliyemdanganya kwa homa. Yeye sasa aliikoroga mwenyewe. Jioni alichemsha chai, akaiacha ipoe kidogo, akatumbukiza kipimajoto kwenye kikombe, akakitoa kilipofika alipotaka, akaandika. Arubaini. Siku ya pili arubaini na nusu. Siku ya tatu alishuka, thelathini na tisa na nusu, ili isionekane kazi ya kupanga.

Na hapo ndipo alipojikwaa, kosa la mtu wa ng'ombe tu. Ng'ombe mzima joto lake ni thelathini na nane na nusu. Akigonga arubaini, watu wa machinjio wanasema huyu ana kihoma, mtengeni. Muhuri alidhani ameandika kihoma. Ungemuuliza joto la binadamu angekujibu vizuri, thelathini na saba, mgonjwa wa miaka kumi huyo. Lakini mtu akidanganya hudanganya kwa hesabu aliyoizoea, na mkono wake ulikuwa umezoea ng'ombe.

Siku ya tano fundi alirudi mapema, pamba za makochi zimemganda nyweleni. Alimkuta mkewe mezani, kalamu mkononi, kipimajoto kimesimama kwenye kikombe. Akavuta kiti akaketi.

"Chai inaumwa?" akauliza.

Fundi akalivuta daftari, akalisoma kwa kidole. Alisema yeye akifika thelathini na tisa huita ndugu kuwaaga. Kisha akalirudisha daftari mahali pake, akalinyoosha na ukingo wa meza kama anavyonyoosha kitambaa. Muhuri akaanza kujitetea. Alisema anasikia harufu. Alisema kuna maiti tumboni mwake na hakuna anayejali, kila mtu anamwambia aache, aache, liache likauke, lisinyae, kana kwamba wao ndio wanaolala nalo. Machinjioni kitu kibovu kinakatwa kinatupwa, hakibembelezwi. Alisema hata mdomo wake unanuka na ni hilo. Fundi akamkumbusha kwamba daktari alishasema harufu ya mdomo ni uchafu wa damu, na kwamba figo lililokufa ndani ya mtu halinuki, linakauka tu. Hilo Muhuri alilijua. Alilijua kabla hajaambiwa.

Fundi alitoa pamba nyweleni moja moja.

"Mimi sikuzuii," akasema. "Mwili ni wako. Ila nataka nijue mapema. Langu nalo likija kufa, utalionea kinyaa hivi?"

Muhuri akakichomoa kipimajoto kikombeni. Angemwambia nini? Kwamba si figo linalomtia kichefuchefu, bali kila jioni akifumba macho anaona vivimbe vya njano na mkono wake mwenyewe unapiga wino juu yake? Hilo hakuwahi kumwambia mtu, na mume wake kuliko wote. Alinyanyuka akaimwaga chai kwenye sinki. Lakini kesho yake jioni alichemsha nyingine. Kitu kikishamganda mtu moyoni hakibanduki kwa swali moja.

Daktari alilisoma daftari lile kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudia. Akampima joto hapo hapo: thelathini na sita na nusu. Muhuri akasema homa ni ya jioni. Daktari akauliza, siku nane kwenye arubaini, na umekuja kwa miguu yako? Nimezoea, akasema Muhuri. Daktari akasifu mwandiko wake, kwamba ni mzuri sana, herufi zimesimama. Kisha akaandika kwenye faili: alazwe Jumatatu, joto lichukuliwe wodini, na homa ikionekana, Jumatano figo litatolewa.

Muhuri alitoka pale miguu myepesi. Jumatano! Alipofika nyumbani alipanga begi la hospitali: khanga mbili, sabuni, mswaki, na katikati ya khanga, chupa ya chai yenye kifuniko cha kikombe. Fundi aliiona chupa. Akaisogeza pembeni apate nafasi ya kuweka ndala za mkewe, akafunga zipu.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna Jumamosi, na Jumamosi machinjio hujaa. Mizoga ilikuwa imening'inia kwenye reli kutoka mlangoni mpaka mwisho wa ukumbi, sakafu imelowa, mipira ya maji inapiga kelele. Muhuri alikuwa na kisu na ndoano yake, anaenda mmoja baada ya mwingine, ulimi, moyo, ini, bandama, mafigo. Mafigo aliyamenya ile ngozi yao nyembamba kwa kidole gumba kama kawaida, na kama kawaida ya siku hizi akazuia pumzi. Akafika kwenye mzoga wenye karatasi ya Bucha. Ng'ombe mwekundu, mnene, wa kupendeza. Akapasua tezi la kwanza la mapafu, kisu kikakwaruza.

Hakupasua la pili kwa haraka. Alisimama akalitazama lile la kwanza. Njano ile ile. Alipoyafungua ya shingoni na ya tumboni, alikuta mpaka kwenye utando wa mbavu vivimbe vimetapakaa, vidogo vidogo, vinang'aa. Mwingine angesema hajapata kuona kitu kibaya kama kile, lakini yeye alishakiona, tena akakipigia muhuri, na watu wakakipika, wakawapa watoto kwanza.

Harufu ya koti jeupe lililofuliwa ikamfikia kabla ya mtu mwenyewe. Bucha alisimama nyuma yake, akainama.

"Marehemu wangu anasemaje leo?"

Wachinjaji wawili wa karibu walishaanza kucheka. Muhuri akaweka kisu kwenye maji ya moto. Hakumwita mtu wa dizeli. Alikwenda mwenyewe ukutani, akalibeba dumu kwa mikono miwili, akarudi nalo likimgonga goti, akalimimina juu ya mzoga kuanzia paja. Dizeli ilichuruzika kwenye mafuta meupe mpaka mbavuni, ikadondoka kwenye viatu vyake na vya kaka yake.

Bucha aliruka nyuma. Akauliza kama amepata wazimu. Akasema yule ng'ombe ni mzima, akasema ni kipele tu, akasema mbona siku nyingine. Hapo alijiuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka na watu wameshalisikia. Mipira ya maji ikafungwa mmoja mmoja. Ukumbi mzima yakabaki kusikika matone tu yakidondoka.

Bucha akafungua vifungo vya koti, akavuta shati. Kovu likaonekana, refu, limezunguka ubavu mpaka mgongoni, limekunjamana mwishoni pale mshono ulipovutana. Lilikuwa kovu la kweli. Hakuna udanganyifu pale, na hilo ndilo lililokuwa likimshinda Muhuri miaka yote, kwamba huyu mtu hakudanganya alipolia na ule mfuko mikononi.

"Haya," Bucha akasema. "Kama tumefika huku, nirudishie figo langu."

Muhuri aliweka dumu chini.

"Nilikuwa nakurudishia Jumatano," akasema. "Kitanda kilishapatikana. Sasa sikurudishii."

"Unasemaje?"

"Uliponipa, kaka, ulinipa mimi. Hukuupa muhuri."

Bucha alibaki ameshika shati, kovu nje. Kisha akalishusha, akaanza kufunga vifungo, na kwa kuwa vidole vilimkataa alikosea, kifungo cha juu kikaingia tundu la pili, akaondoka hivyo hivyo koti limepinda. Muhuri alisubiri mpaka geti lisikike. Ndipo akakimbilia nyuma ya ukuta wa shimo, akainama, akatapika chai na mkate na nyongo, mkono mmoja ukutani. Miaka kumi na nane machinjioni, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza.

Mchana huo huo aliketi kwenye ofisi ya daktari mkuu wa mifugo, akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri. Ng'ombe wanne, miezi waliyochinjwa, na aliyewapigia muhuri. Hakuandika sababu, maana ilikuwa na maelezo marefu na yote yalikuwa yanamfaa yeye. Akauweka muhuri juu ya karatasi. Mzee yule alisoma, akavua miwani, akasema jambo hili litafika mbali. Muhuri akamwambia ndiyo. Alipotoka alikuwa na alama ya zambarau kwenye kidole gumba ambayo haijatoka kwa sabuni yoyote, na hana kazi.

Nyumbani alimweleza fundi yote, tangu ng'ombe wa kwanza. Fundi alisikiliza ameshika nyundo. Hakusema kitu cha kumfariji, na Muhuri alimshukuru kwa hilo. Aliuliza jambo moja tu, kama ile nyama iliuzwa kwenye bucha ya juu au ya chini, maana mama yake alikuwa akinunua ya chini. Muhuri akasema hajui. Fundi akaenda kusimama uani mpaka jua likazama, kisha akarudi, wakala ugali na mboga. Jumatatu asubuhi ndiye aliyelibeba begi. Lilikuwa jepesi. Chupa ilibaki kabatini.

Wodini daktari alikuta kipimajoto mezani na mgonjwa wake ameketi wima kitandani, viatu bado miguuni. Muhuri akamwambia. Homa haikuwepo, ilikuwa ya kikombe. Daktari hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. Alisema alijua tangu alipofungua daftari. Binadamu mwenye joto lile siku nane haandiki herufi zimesimama. Alimlaza ili aone atafika wapi. Kisha sauti yake ya chini ikapanda. Aliuliza kama anajua ni watu wangapi hawana figo hata la kudanganyia. Aliuliza kama alitaka apasuliwe, askari waamke, figo la mume likataliwe, kwa ajili ya kikombe cha chai. Alimsema kama mtoto mbele ya wagonjwa watatu, na Muhuri akakubali kila neno, ndiyo daktari, ndiyo daktari, huku shingo inamwaka.

Alipomaliza, daktari akavuta pumzi, akafungua faili.

"Sasa nijibu kwa mdomo wako, bila kipimajoto. Tuliache au tulitoe?"

"Liacheni."

"Bado linakukera?"

"Sana."

Daktari akaandika.

Mchana ilikuwa zamu yake ya mashine. Muuguzi alikuwa mgeni, amehamia wiki ile, hakujua historia ya mtu. Alimchoma sindano vizuri, akafunga mipira kwa plasta, damu ikaanza safari yake. Kisha, akiandika mapigo, akasema asubuhi kuna mwanamume alifika mlangoni. Mtu mzima, koti jeupe, vifungo amevikosea. Hakutaka kuingia. Aliuliza tu kama lile figo litatolewa. Muuguzi aliangalia kwenye orodha ya upasuaji, akamwambia upasuaji umefutwa, halitolewi. Basi yule mtu akakaa kwenye benchi kidogo, akajifuta uso, akaondoka.

"Ni nani wako?" muuguzi akauliza.

Chumba kile kizima kilimjua kwa jina moja, na jina hilo lilimfika Muhuri mdomoni, Mwenye Figo. Akalimeza.

"Kaka yangu," akasema.

Muuguzi akaenda kwa mgonjwa mwingine. Muhuri alibaki anatazama dari. Mkono wake uliokuwa huru ulishuka juu ya shuka, ukapita kitovu, na safari hii haukuruka. Lilikuwepo pale chini ya kovu, gumu, dogo kuliko alivyodhani. Kinyaa kikampanda mpaka kooni, mate yakamjaa. Akayameza, na mkono hakuuondoa.